Mizani Kwenye Nyumba ya Brashi

Arobaini ya Bwana Shemweta ilisomwa nyumbani kwake Kerenge, siku ya jua kali. Tuliofanya naye kazi zamani tulibaki wawili tu, mimi na mzee mmoja aliyekuwa dereva, naye masikio yake yamechoka, kwa hiyo maswali yote ya vijana yaliniangukia mimi. Baada ya dua, pilau ikiwa bado inapakuliwa, mjukuu wake mmoja, mwalimu wa sekondari, akaniuliza, "Bibi, ni kweli babu alikuwa anapima watu kwenye mizani ya marobota ya mkonge?" Watu wakacheka. Nikamjibu kuwa ni kweli, na aliyekuwa akisogeza jiwe la mizani ni mimi. Wakacheka zaidi, nami nikacheka nao, maana ukilisema hivyo linachekesha kweli. Lakini kijana yule alitaka kujua. Akauliza, "Alikuwa anatafuta nini?" Nikamwambia alikuwa anatafuta maji. Hapo sinia zikafika, watu wakanawa, na jibu langu likakatikia hapo. Tangu siku ile limekuwa likinirudia kila ninapokaa peke yangu, nami nimeona afadhali nilimalize kwenye karatasi.

Ulikuwa mwaka uliofuata Azimio la Arusha. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nimeajiriwa kuwa mhudumu wa zahanati katika shamba la mkonge lililokuwa kati ya Korogwe na Hale, upande wa mto. Shamba lilikuwa limetwaliwa na umma miezi michache nyuma. Mzungu meneja alikuwa ameondoka na mbwa wake wawili, na kwenye lango ambako zamani palikuwa na jina la kampuni palikuwa na alama nne za misumari tu. Nilipanga kwenye kambi ya wafanyakazi, katika nyumba ya Salehe na mkewe Mwanahamisi, ambao walikuwa watu wa Kwamsisi kama mimi. Chumba changu kilitenganishwa na chao kwa ukuta usiofika juu, kwa hiyo kila walichosema nilikisikia, na kila nilichoota waliniambia asubuhi. Nilikuwa na kitanda cha kamba za mkonge, ndoo, na msumari wa kutundikia sare. Nikifumba macho hata leo nasikia harufu ya chumba kile: moshi wa kuni, mafuta ya taa, na ule uchachu wa maganda ya mkonge yaliyooza nyuma ya korona, ambao humtapisha mgeni, na mwenyeji huja kuusikia kama harufu ya nyumbani.

Labda wewe unayesoma hujawahi kuona kazi ya mkonge, basi nikueleze kidogo. Majani yanakatwa shambani, yanaletwa kwa behewa dogo la reli, yanaingizwa kwenye mashine kubwa iitwayo korona, nayo inayaparua mpaka zinabaki nyuzi, yaani singa. Wanawake wanazianika singa juani kwenye nyaya. Zikikauka zinapelekwa nyumba ya brashi, ambako kila mtu anasimama mbele ya ngoma ya chuma yenye meno inayozunguka kwa kasi. Anashika fungu la singa kwa mkono, analilisha, analivuta, analigeuza, analilisha tena, mpaka ling'ae. Kisha yanafungwa marobota. Kazi ya korona ina maji na matope, kwa hiyo ina ubaridi wake. Kuanika kuna jua, lakini kuna upepo pia. Nyumba ya brashi haina chochote cha kukusaidia. Paa ni la bati, milango haifunguliwi yote kwa sababu upepo unapeperusha singa, vumbi jeupe linajaa mpaka taa zinaonekana kama zimefunikwa shashi, na watu wamejifunga vitambaa puani. Mwezi wa Februari, saa saba mchana, ukiingia mle unahisi mtu amekuwekea viganja vya moto usoni.

Salehe alifanya kazi mle. Alikuwa mtu mfupi, mpana, mcheshi, mjumbe wa kamati ya wafanyakazi, na mtu aliyeliamini Azimio kwa moyo wake wote. Jioni tulikula uani, bada, ule ugali wa muhogo, kwa mlenda, siku nzuri perege wa mtoni, na karibu kila jioni alikuja Kasanda. Huyu alikuwa Mnyamwezi, mrefu kama mlingoti, mfunga marobota, amekaa mkongeni muda mrefu hata mwenyewe hakujua aseme kwao ni wapi. Wanyamwezi na sisi Wazigua ni watani, nao wale wawili waliufanya utani kuwa kama mboga ya pili. Kasanda akikaribia tu Salehe alianza:

"Mwanahamisi, ficha chungu! Mpagazi amefika."

"Ficha tu," Kasanda alijibu, akijikunja kukaa kwenye kinu kilicholazwa. "Babu zangu walipita nchi yenu na pembe mabegani, ulimi nje kwa kiu, nyie mkawauzia maji. Maji, jamani! Mtu mwenye akili anauza maji?"

"Tuliona wanakunywa kama ng'ombe. Kisima cha watu kingekauka."

"Basi leo nimekuja kudai. Shemeji, nipe maji ya babu."

Mwanahamisi alimpa kata ya maji huku akicheka, naye aliyanywa yote kwa mkupuo, akasukutua kwa funda la mwisho na kumtemea Salehe miguuni. Mtu mwingine angefanya hivyo pangekuwa na ngumi. Kwa mtani ilikuwa ni salamu. Nilikuwa nikikaa pale kando ya moto nikifikiri kwamba watu wazima wana bahati, wana mtu wa kuwaambia chochote.

Watu walikuwa wakianguka nyumba ya brashi hata kabla sijafika. Walisema ni malaria, walisema ni jini la korona, walisema fulani alikunywa gongo jana. Bwana Shemweta, mganga wetu wa zahanati, hakubishana na mtu. Alikuwa Msambaa mpole, mwenye desturi ya kukuuliza swali na kisha kungoja jibu kwa muda mrefu hadi ukajikuta umelipata. Siku moja aliniita, akanionyesha shati la mtu aliyeletwa amezimia. Lilikuwa limekauka na kukakamaa, lina ramani nyeupe mgongoni. "Lamba," akaniambia. Nililamba. Chumvi. "Imetoka wapi?" Nikasema mwilini. "Na maji yaliyoibeba yako wapi?" Nilifikiri mpaka nikaelewa. Akanifundisha siku ile mambo ambayo mimi mwenyewe nilikuja kuyafundisha maisha yangu yote: mwili unajipoza kwa jasho, jasho ni maji, maji yakipungua mwili hauna cha kujipozea, na mtu huanza kuungua ndani kwa ndani akiwa amesimama wima mbele yako anakwambia hajambo. Kiu huchelewa kusema. Kwa hiyo ukitaka kujua, usimwulize mtu kama ana kiu. Mpime.

Ndipo tukaomba mizani ya marobota. Kila mtu wa brashi alisimama juu yake asubuhi kabla ya kuanza, na tena mchana, nami niliandika kwa chaki ukutani, mbele ya macho ya wote. Aliyepungua ratili moja, karibu nusu kilo, aliambiwa anywe chupa nzima ya maji kabla ya kurudi. Aliyepungua ratili tatu hakuruhusiwa kurudi kwenye mashine. Alikaa kivulini kwenye benchi, nje ya mlango, karibu na pipa la maji yaliyochemshwa yenye chumvi kidogo, sukari na ndimu, anywe taratibu mpaka mkojo wake uwe mweupe. Ujira wake wa siku haukuguswa. Bwana Shemweta alilipigania hilo kwa wakubwa wapya mpaka wakakubali, na nataka lijulikane, maana watu wengi hudhani mambo kama haya huharibika kwa ajili ya senti.

Siku ya kwanza nusura tupigwe mawe. "Tunapimwa kama robota!" watu walisema. Mwingine akasema ni mumiani, wanatafuta nani ana damu nyingi. Wakagoma kupanda. Nilisimama pale na chaki yangu mkononi. Aliyetuokoa ni Kasanda. Alipanda juu ya mizani, akajitanua kama bibi harusi, akapaza sauti: "Mama Mizani, nipime! Kisha umpime na yule Mzigua pale, tujue kati ya Mnyamwezi mmoja na Mzigua mzima wa nyama na maneno, nani zaidi." Salehe akaruka juu akamsukuma. "Shuka wewe, mizani ya serikali hii, si ya mifupa!" Watu wakacheka, wakapanga foleni. Tangu siku ile jina langu likawa Mama Mizani, hata kwa watu wenye umri wa kunizaa.

Kulikuwa na jambo gumu zaidi, la mkojo. Ilitakiwa kila mchana nijue rangi ya mkojo wa kila mtu, kwa kuwa ukiwa kama chai ya rangi basi maji yamekwisha mwilini. Lakini msichana wa Kiislamu wa miaka kumi na tisa atamwulizaje mwanamume mwenye umri wa baba yake jambo hilo? Nilijaribu mara moja kwa mzee mmoja. Nilianza na shikamoo, nikamaliza na shikamoo, katikati sikusema kitu. Tena ni Kasanda aliyeuchukua mzigo huo. Alisimama njia ya chooni akiwapokea watani zake kwa matusi: "Wee Mzigua, umekojoa chai au maji? Chai? Rudi pipani, mpumbavu, unataka kufa utuachie nani wa kumtukana?" Wale wasiokuwa watani zake aliwatafutia watani wao wawaulize. Kazi ya zahanati ikafanywa na utani, na kwa muda wa wiki kadhaa hakuanguka mtu hata mmoja. Bwana Shemweta alikuwa akija kusimama mbele ya ule ukuta wa chaki, mikono nyuma, akiutazama kama mtu anavyotazama mahindi yake yakiwa yamebeba.

Wakati huo redio na mikutano yote ilijaa maneno mapya. Wanaoishi kwa jasho la wengine waliitwa kupe, na walionyonya waliitwa watu wa mirija. Salehe aliyapenda maneno hayo. Katika mkutano wa kamati alisimama akasema shamba sasa ni letu, na katika shamba letu hatutaki kupe. Kesho yake mchana watu wawili walikuwa wamekaa benchini kivulini, wamepungua, vikombe mkononi. Kasanda akapita na robota lake kwenye toroli, akawatazama, akasema kwa sauti ya mkutanoni, "Ndugu mjumbe Salehe! Njoo uone. Kupe wako hawa hapa, kila mmoja na mrija wake!"

Ulikuwa utani mzuri. Nakumbuka nilicheka mpaka chaki ikanidondoka. Salehe naye alicheka kutoka mlangoni, kitambaa kimeshuka shingoni, na wale wawili benchini wakacheka pia. Jioni ile uani kwetu Kasanda aliurudia mara tatu, na kila mara Mwanahamisi alimpiga kwa upande wa mwiko. Kufikia mwisho wa juma benchi lile lilikuwa na jina, Benchi la Kupe, na hata wasiokuwa watani walilitumia jina hilo. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mtani akikuita kupe umeitwa ndugu. Asiye mtani wako akikuita kupe, mbele ya wenzako, mwaka ule, katika shamba ambalo umeambiwa jana kwamba ni lako, huyo amekuvua nguo. Kijana akienda pipani kunywa, wenzake walifyonza midomo, sss, sss, kama anayevuta mrija. Pipa lilikuwa palepale kando ya benchi. Hapakuwa na njia ya kuyafikia maji bila kupita kwenye ile sauti.

Kisha ukuta wangu ukaanza kuwa mzuri kupita kiasi. Watu hawakupungua. Asubuhi ratili mia na thelathini, mchana mia na thelathini. Benchi likabaki tupu. Wakubwa wakafurahi, wakasema hao wafanyakazi sasa wamezoea. Mimi nilikuwa nachota maji ya kujaza pipa, na nikaona jioni pipa limebaki nusu, halafu zaidi ya nusu. Nikamwambia Bwana Shemweta. Akatazama pipa, akatazama ukuta, akangoja kama ilivyokuwa desturi yake. "Mwanaidi," akasema, "watu hawanywi, na hawapungui. Hapo pana kitu." Tukakubaliana kwamba Jumatatu tutahamisha pipa, na tutapima watu bila mashati. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Jumamosi asubuhi Salehe alikunywa chai na muhogo wa kuchemsha kama kawaida. Niliwasikia kupitia ule ukuta usiofika juu. Mwanahamisi alimwambia, "Jana ulitapika, leo usiende." Akajibu, "Nisiende? Nikakae kivulini, mimi mjumbe? Watanivutia mrija mpaka Hale." Akacheka. Mwanahamisi hakucheka. "Basi unywe maji huko." "Nitakunywa." "Salehe." "Nimesema nitakunywa, mama, au unataka niape?" Mlango ukafungwa. Nilimkuta kwenye mizani saa moja asubuhi, akanisalimu kwa mzaha wake, na sikuona lolote. Saa saba alipanda tena. Hakuwa amepungua hata nusu ratili. Nilimtazama usoni kwa sababu ya yale maneno ya asubuhi. Nikamwambia, "Kaka, kunywa maji basi, hata kama mizani imenyamaza." Akasema, "Nakwenda, Mama Mizani," na kweli akaelekea mlangoni. Mtu mmoja, simtaji kwa kuwa hata yeye hakuwa na ubaya wowote, akafyonza, sss. Salehe akageuka akarudi kwenye mashine yake.

Haukupita muda tukasikia ugomvi. Salehe alikuwa anamgombeza mtu wa mashine ya jirani kwa jambo ambalo halikueleweka, anamwita kwa jina la marehemu kaka yake. Bwana Shemweta alikuwa amenionya mapema: mtu mpole akianza kugomba ovyo kwenye joto, kimbia. Nilikimbia. Nilipomfikia alikuwa ameshaketi chini, ngozi yake kavu, imekauka kama karatasi, ya moto hata nikauondoa mkono. Tulimbeba nje mpaka kivulini, tukamlaza juu ya benchi lile, tukaanza kumvua ili tummwagie maji. Nilipofungua shati nikakuta kiunoni amejifunga kitambaa cha mkewe, na ndani ya kitambaa mna nati na boliti za korona kuukuu, zimepangwa moja moja kama shanga, zisigongane. Nilizishika mkononi. Zilikuwa za moto kama yeye.

Watu wote wa brashi walikuwa wametoka, wamesimama duara. Ngoma za chuma ndani zilikuwa zinaishia kuzunguka, na katika ukimya ule nikasikia chuma kikianguka kwenye saruji. Kisha kingine. Nikainua macho. Mmoja baada ya mwingine, bila kutazamana, walikuwa wanafungua mishipi na vitambaa, wanaviachia vile vyuma chini. Wengine walivitoa mifukoni. Mzee yule niliyemsalimia mara mbili kwa ajili ya mkojo alivua kofia, akatoa nati moja, akaiweka chini taratibu kana kwamba ni yai. Kasanda alikuwa amefika na toroli lake. Aliona kitambaa, akaona vyuma, akaona benchi. Akavua shati lake, akalichovya pipani, akapiga magoti na kuanza kumpoza mtani wake kichwani, akichovya na kupoza, akichovya na kupoza, mpaka gari la shamba likaja. Alipanda nalo. Walifika hospitali Korogwe, lakini kabla ya magharibi Salehe alikuwa amekwisha kufariki.

Bwana Shemweta aliniambia baadaye jambo ambalo mpaka leo mimi huwaambia wanaonijia kuuliza habari za kazi za joto, viwandani au mashambani. Alisema tulijua maji yanavyotoka mwilini, lakini hatukujiuliza maji yanaingiaje, yanapita mbele ya nani. Ukiweka maji mahali ambapo mtu anaona haya kuyafuata, hujaweka maji. Sasa hivi vitu vimeendelea, kuna vipimo vya kila aina, nami navifurahia kwa dhati. Ila ukipewa kazi ya kuwaangalia watu, mwanangu, peleka maji mpaka mkononi mwa mtu, unywe naye, uone wenzake wanafanya nini anapokunywa. Hilo halihitaji mashine, na usidhani ni dogo.

Tulimzika Kwamsisi. Shamba lilitoa lori, watu wa brashi wakajaa humo, wamesimama, njia nzima ya vumbi jekundu hakuna aliyeimba wala kusema. Tulifika jua limeshapanda. Mimi niliingia kwa wanawake, chumba ambamo Mwanahamisi alikuwa ameketi mkekani amefunikwa kanga, ameegemea ukuta wa udongo. Mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo niliona ua. Jeneza lilipoinuliwa kutoka chumba cha pili, ilikuwa zamu ya mtani. Kwetu ni hivyo, marehemu hatoki nyumbani kwa urahisi ikiwa ana watani. Mtani hujilaza njiani, hulizuia jeneza, humtukana marehemu na ukoo wake, watu hucheka msibani, mpaka apewe chochote ndipo apishe. Kasanda alijilaza kwenye kizingiti, mtu yule mrefu, miguu yake ikafika katikati ya ua. Wabebaji wakasimama. Wazee wakangoja. Yeye akalala tu, amekaza macho juu kwenye makuti, mdomo umefunguka, hakuna kinachotoka.

Wakangoja sana. Mzee mmoja wa upande wa marehemu akanong'ona, "Mnyamwezi, maiti haingoji na jua hili." Ndipo Mwanahamisi, ambaye tangu alfajiri hakuwa ametamka kitu, akasema kutoka ndani, kwa sauti ya kawaida, kana kwamba wako uani jioni:

"Sema, mtani."

Kasanda akageuza uso kuelekea ukutani.

"Sema, shemeji. Akiondoka bila kutukanwa atadhani una kinyongo naye."

"Mzigua wewe," Kasanda akaanza, akakatiza, akaanza upya. "Mzigua wewe usiye na adabu. Nimekuja kutoka mbali, wala hujanikaribisha. Umelala. Watu wanne wanakubeba, wewe unayewaita wenzako wapagazi! Leo nani mpagazi? Enh? Na uzito wote huo, umekula nini, mlenda wa nani?" Mtu mmoja akacheka kwa pua. Kisha mwingine. "Nani sasa nitamtemea maji miguuni? Umenitafutia mwingine? Hukutafuta. Ndivyo mlivyo, hamna mpango." Ua mzima ulikuwa unacheka, kile kicheko cha msibani ambacho mwili unakitoa wenyewe, na ndani Mwanahamisi alikuwa amejifunika uso wote kwa kanga, mabega yanatikisika, na sikuweza kujua, wala sikutaka kujua, kama anacheka.

Yule mzee akainama na sarafu kumpa mtani, apishe njia. Kasanda akausukuma mkono wake. "Sitaki hela zenu. Nipeni maji." Akapewa kata. Akaketi palepale kizingitini, akanywa yote, maji yakimtiririka shingoni. Kisha akaijaza kata kwenye mtungi, akainyoosha kwa mtu wa brashi aliyekuwa karibu naye, ambaye ni yuleyule aliyefyonza. "Kunywa." Yule mtu akatazama chini. "Kunywa, ama jeneza halipiti hapa." Akanywa. Ikaenda kwa wa pili, wa tatu, wote waliokuja na lori, wamesimama juani katika mstari kama ule wa asubuhi wa mizani, na mimi nimesimama mlangoni kwa wanawake nikitazama koo zao zikipanda na kushuka, moja baada ya moja, maana hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nimeajiriwa kuifanya. Mtungi ukakauka kabla ya kuwafikia vijana wawili wa mwisho. Kasanda hakuondoka kizingitini. Ikabidi wasichana wachukue ndoo warudi kisimani, na wabebaji, bila kuambiwa na mtu, wakalishusha jeneza taratibu chini, wakangoja.